Aptama ya DNA dhidi ya RT ya VVU-1: mbona hata oligo isiyochaguliwa inazuia?

nyuzi_moja

Habari wakuu. Naomba msaada wa wale wanaofanya kazi na aptama (nyuzi fupi za DNA au RNA zilizochaguliwa kushika shabaha fulani) za kuzuia vimeng'enya vya virusi. Naweka takwimu zote hapa ili asiwepo wa kukisia.

Ninayemlenga ni revasi transkriptasi (RT) ya VVU-1, kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi kuwa DNA, ile ya vipande viwili p66 na p51, yenye mkia wa histidini kwenye p66. Maktaba ni DNA ya uzi mmoja yenye nukleotidi 80: 40 za katikati ni za nasibu, na 20 kila upande ni za kudumu kwa ajili ya PCR. Mwanzo ulikuwa nanomoli 1, kisha raundi 9 za SELEX (kuchagua nyuzi zinazoshika na kuzizidisha, raundi kwa raundi) kwa chujio la nitroselulosi. Bafa ni Tris-HCl 50 mM pH 8.0, KCl 50 mM, MgCl2 6 mM na DTT 1 mM. Protini ilianzia 200 nM ikashushwa hadi 10 nM. Kwenye raundi ya 3, 5 na 7 maktaba ilipitishwa kwanza kwenye chujio tupu.

Mfuatano umetoa familia mbili. Familia A ina shina refu lenye kitanzi kidogo, na ncha ya 3' imekunjwa ndani ya shina lenyewe. Familia B imejaa G, mafungu manne ya GGG, na nimeshaikata hadi nukleotidi 24.

Kipimo: kiolezo cha poli(rA) na praima ya oligo(dT), dTTP, RT 20 nM, nyuzi 37, dakika 30, nasimamisha kwa EDTA, kisha nasoma mng'ao kwa rangi inayoshika pacha ya RNA na DNA. Aptama huwekwa pamoja na vitu vingine vyote, RT inaingia mwisho.

Matokeo:
A: IC50 (ukolezi unaozuia nusu ya kazi) 12 nM
B: 25 nM kwa kundi moja la sampuli, kundi jingine haizuii hata kwenye 1 µM
Oligo (uzi mfupi wa DNA) ya nukleotidi 80 isiyochaguliwa: 300 nM

Kwenye seli, B ya 1 µM ikimwagwa tu kwenye maji ya kuoteshea, bila kibebeo chochote, maambukizi yanashuka kwa zaidi ya 90%. A haifanyi kitu.

Maswali: kwa nini oligo ya ulinganisho inazuia? Hiyo 12 nM ni nzuri kiasi gani? B ina tatizo gani? Na je, naruhusiwa kuandika kwamba B inazuia RT ndani ya seli?

---

Kiolezo

Mkuu, swali la kwanza ndilo lenye uzito kuliko yote, na jibu lake liko kwenye kazi ya kimeng'enya chenyewe. RT inaishi kwa kushika asidi nukleiki. Ina mfereji wenye chaji chanya unaotoka kwenye kitovu cha polimerasi hadi kitovu cha RNase H (kinachokata RNA), na pacha ya praima na kiolezo hulala humo kwa urefu wa jozi za besi 17 au 18 hivi. Sasa wewe umeipelekea uzi wa nukleotidi 80. Uzi wa urefu huo, hata kama haujachaguliwa, utapata mahali pa kujikunja, na shina lolote lenye ncha ya 3' ndani yake ni praima na kiolezo tayari. Kwa hiyo 300 nM si ajabu. Proteasi ya virusi, kwa mfano, haina kazi na DNA, na huko oligo ya nasibu ikizuia namna hii ndipo pa kushtuka. Kwa RT, integrasi (inayopachika DNA ya virusi kwenye DNA ya seli) na polimerasi za virusi vingine, mzuio wa oligo ya kawaida ni sakafu unayopaswa kuipima kila mara. Aptama unaipima kwa umbali wake kutoka sakafu hiyo.

Ila hakikisha kwanza kwamba hicho unachokiona ni mzuio kweli. Kuna mambo matatu yanayodanganya.

Rangi. Rangi hizo hushika pia DNA ya nyuzi mbili, na shina la A ni nyuzi mbili. G nyingi nazo zinaweza kufifisha mng'ao. Jaribio lake ni jepesi: endesha mwitikio bila aptama, simamisha kwa EDTA, halafu ndipo uweke aptama kwa ukolezi uleule wa juu kabisa na usome. Namba ikibadilika, mkunjo wako wote wa IC50 una kosa ndani yake. Thibitisha kwa praima yenye alama ya mng'ao kwenye ncha ya 5', kwenye jeli ya akrilamidi 12% yenye yurea 7 M. Hapo unaiona praima ikirefushwa nukleotidi kwa nukleotidi, na rangi haihusiki kabisa.

Ncha ya 3'. Umesema ncha ya A imo ndani ya shina. Ukitumia dNTP (matofali ya DNA) zote nne, RT itairefusha aptama yenyewe kama kiolezo chake, na utakuwa unapima ushindani wa violezo viwili, kimoja kikiwa kinabadilika umbo kila dakika. Kwa poli(rA) na dTTP peke yake tatizo ni dogo, lakini halijaisha: besi moja tu ya adenini ikikaa mbele ya ncha inatosha kuongezwa T. Agiza A yenye ncha ya 3' iliyofungwa kwa fosfati, kwa C3, au kwa dT iliyogeuzwa. Fosfati ndiyo dhaifu kati ya hizo, kwa sababu uchafu wa fosfatasi kidogo tu unaiondoa.

Mabaki ya utakasaji. Oligo iliyokatwa kwenye jeli hubeba akrilamidi ndogondogo, yurea na chumvi ya kuyeyushia, na hivyo vyote huzuia RT. Kata kipande cha jeli tupu, ukubwa uleule, kwenye mstari usio na sampuli, kipitishe hatua zilezile hadi mwisho, kisha tumia ujazo sawa na ule wa oligo. Ukiona mzuio, umempata mchawi. Kunyesha tena kwa ethanoli na kuosha mara mbili kwa ethanoli 70% huwa kunatosha, la sivyo pitisha kwenye safu ya kuondolea chumvi.

Sasa ulinganisho. Oligo moja ya nasibu haitoshi. Chukua A, vuruga mfuatano wake bila kubadili idadi ya A, C, G na T. Halafu tengeneza nyingine yenye mabadiliko mawili yanayovunja shina upande mmoja, na ya tatu inayobadilisha upande wa pili ili jozi zirudi. Mzuio ukipotea kwenye ile ya kuvunja na kurudi kwenye ile ya kurejesha, huo ndio ushahidi mzito kuliko grafu yoyote ya IC50. Ongeza na vimeng'enya vingine: RT ya virusi vya leukemia ya panya (MMLV), RT ya AMV (virusi vya ndege), na kipande cha Klenow cha polimerasi ya DNA ya bakteria. Tuerk, MacDougal na Gold mwaka 1992 walipochagua RNA dhidi ya RT ya VVU-1, walipata umbo la fundo bandia, na hoja iliyobeba kazi yao ni kwamba molekuli hiyo iliizuia RT ya VVU bila kuzigusa RT nyingine walizopima.

Kwenye kipimo chenyewe, panga upya: RT na aptama kwanza, dakika 10, kisha anzisha mwitikio kwa kuingiza kiolezo, praima na dTTP kwa pamoja. Pandisha KCl hadi 80 mM, na rudia kwenye 120. Chumvi huwapokonya oligo za hovyohovyo mshiko wao unaotegemea chaji tu, ilhali aptama yenye umbo sahihi huvumilia zaidi.

---

Bi_Mizani

Nakubaliana na Kiolezo isipokuwa zile dakika 10, nitazirudia. Nianze na 12 nM.

Ndugu, una RT 20 nM. Aptama moja ikishika RT moja, hata ikiwa na nguvu isiyo na mwisho, inahitaji 10 nM ili kukamata nusu ya kimeng'enya. Haiwezekani IC50 ishuke chini ya nusu ya kimeng'enya kilicho hai. Kwa hiyo 12 nM yako ni 10 za sakafu na 2 za aptama, na kosa la pipeti peke yake ni kubwa kuliko hizo 2. Kd halisi (kipimo cha mshiko, ndogo ndiyo kali) inaweza kuwa 3 nM, inaweza kuwa 0.05 nM; kipimo hiki hakina namna ya kuzitofautisha. Na kuna hatari ya kuwalinganisha watahiniwa kumi ukaona wote wana 11, 12, 13, ukachagua yeyote, kumbe mmoja ana nguvu mara mia ya mwenzake.

Fanya hivi. Pima IC50 kwenye RT 20, 10, 5, 2.5 na 1 nM. Kwenye ukolezi mdogo ongeza muda wa mwitikio ili ishara ionekane, lakini usivuke sehemu ambayo bidhaa bado inaongezeka kwa mstari ulionyooka. Weka BSA 0.1 mg/ml na tyubu zisizonata, kwa sababu RT ya 1 nM ikikaa kwenye plastiki ya kawaida inaishia ukutani. Kisha chora IC50 dhidi ya ukolezi wa RT. Mstari ukikatiza mhimili wa wima, hapo ndipo ilipo Kd inayoonekana. Mteremko unapaswa kuwa 0.5. Ukipata 0.25, ama nusu ya RT yako imekufa, ama aptama moja inabeba vimeng'enya viwili, ama hesabu yako ya aptama ina kasoro.

Hilo la mwisho linasahaulika sana. Aptama iliyokunjwa hunywa mwanga wa nanomita 260 kidogo kuliko ikiwa imefunguka, kwa hiyo ukisoma kwenye joto la chumba unaandika ukolezi mdogo kuliko ulio kweli. Soma A260 kwenye nyuzi 90, tumia kizidishi kilichokokotolewa kwa besi jirani, ndipo upunguze hadi ukolezi wa kazi.

Badala ya mkunjo wa kawaida wa IC50, tumia mlinganyo wa Morrison kwa data ya chini ya 5 nM. Wenyewe unakumbuka kwamba aptama iliyoshikwa imetoka kwenye ile iliyo huru.

Sasa dakika 10. Chukua aptama yenye kasi ya kushika 10^6 kwa mola kwa sekunde, na kasi ya kuachia 10^-4 kwa sekunde, yaani Kd 0.1 nM. Kwenye aptama 1 nM kasi ya kufikia mizani ni 1.1 × 10^-3 kwa sekunde, nusu ya safari inachukua zaidi ya dakika 10. Ukitaka kuwa karibu na mizani unahitaji mara tano ya hapo, karibu dakika 53. Ukisubiri dakika 10 tu, aptama bora kuliko zote itaonekana dhaifu kwenye ukolezi mdogo, hapohapo ambapo ulitaka kuiona. Jaribu dakika 10, 30, 60 na 120. IC50 ikiendelea kushuka, bado hujafika. Na weka RT peke yake kwa dakika zilezile, upande wa pili, maana RT nayo huchoka kwenye nyuzi 37. Ikibidi fanya kusubiri huko kwenye joto la chumba.

---

nne_nne

Mimi nijibu la B. Mafungu manne ya GGG ni kwadrupleksi ya G mpaka ithibitike vinginevyo. G nne zinakaa kwenye meza moja, meza zinapangana, na katikati inakaa ayoni. Potasiamu inaenea vizuri kati ya meza mbili, sodiamu inashika kwa udhaifu, lithiamu haisaidii kitu. Kama kundi moja la sampuli lilikunjwa kwenye bafa yenye KCl na jingine liliyeyushwa kwenye maji na kupelekwa moja kwa moja kwenye kipimo, basi ulipima molekuli mbili tofauti zenye jina moja.

Utaratibu: yeyusha oligo kwenye Tris 10 mM pH 7.5, chemsha nyuzi 95 kwa dakika 5, ongeza KCl hadi 100 mM ikiwa bado ya moto, acha ipoe ndani ya kibao cha joto kilichozimwa kwa saa mbili, kisha usiku mzima kwenye nyuzi 4. Usiitumbukize kwenye barafu. Barafu inafaa kwa mashina ya kawaida kama A, ambapo unataka kila uzi ujikunje peke yake kabla haujakutana na jirani. Kwa kwadrupleksi kupoza ghafla kunazifungia molekuli kwenye maumbo yaliyokosea.

Andika pia ukolezi wa kukunjia, siyo wa kupimia tu. Mfano uliochunguzwa vizuri ni 93del, kizuizi cha integrasi ya VVU-1, GGGGTGGGAGGAGGGT, nukleotidi 16 tu. Umbo lake kwenye potasiamu ni nyuzi mbili zilizofumana, kila moja ikipeleka G ndani ya mwenzake. Umbo kama hilo linategemea nyuzi kukutana. Ukiikunja 100 µM unapata pacha. Ukiipunguza kwanza hadi 100 nM ndipo uikunje, huenda usilipate kabisa. B yako nayo inaweza kuwa hivyo. Fanya jeli ya asili 15%, yenye KCl 10 mM ndani ya jeli na ndani ya bafa ya kuendeshea, kwenye chumba baridi na volti ndogo kwa sababu chumvi inaipasha jeli moto. Pakia sampuli zilizokunjwa kwenye 1, 10 na 100 µM. Ukiona mistari miwili inayobadilishana uzito kadiri ukolezi unavyopanda, una pacha.

Kwa spektra ya CD (kipimo cha umbo kwa mwanga), umbo sambamba, yaani nyuzi zote zikielekea upande mmoja, lina kilele karibu na nanomita 264 na bonde karibu na 240. Lisilo sambamba lina kilele karibu na 295. Fanya KCl na LiCl kwa ukolezi sawa. Kilele kikifa kwenye lithiamu na mzuio ukifa pamoja nacho, hoja imekamilika. Ulinganisho wa B usiwe mfuatano uliovurugwa, kwa kuwa G hizo zikivurugwa bado zinaweza kujipanga. Badilisha G ya katikati katika kila fungu kuwa T.

Nina wasiwasi mmoja zaidi. DNA yenye G nyingi wakati mwingine hunata kwenye nitroselulosi yenyewe, na raundi tatu tu za chujio tupu kati ya 9 ni chache. Pitisha B kwenye chujio bila RT uone asilimia inayobaki.

---

raundi_ya_kumi

Naongezea upande wa uchaguzi, kwa sababu naona mengi ya hapo juu yalianzia kule.

Nanomoli 1 ni molekuli kama 6 × 10^14. Nafasi 40 za nasibu zina mifuatano zaidi ya 10^24. Hiyo ni sawa, hakuna anayeweza kuimaliza, lakini maana yake raundi ya kwanza ndiyo ya thamani kuliko zote: kila mfuatano una nakala moja tu. Kwenye raundi hiyo tumia protini nyingi, osha kidogo, usipoteze kitu. Ukali uanze raundi ya 3 au ya 4.

Ukali wako ulikuwa wa kupunguza protini peke yake. Kwa kimeng'enya kinachopenda DNA yoyote hiyo haitoshi. Weka mshindani: heparini 0.1 mg/ml, au tRNA ya hamira kiasi hichohicho, kuanzia raundi ya 5. Heparini ni chaji hasi tupu, itawang'oa wote walioshika kwa chaji. Ipandishe taratibu, maana ukiiweka nyingi mapema unang'oa na wazuri. Badilisha pia njia ya kutenganisha katikati: raundi mbili tatu kwa shanga za nikeli kupitia ule mkia wa histidini, kisha rudi kwenye chujio. Anayenata kwenye chujio hana faida kwenye shanga, na anayenata kwenye shanga hana faida kwenye chujio. Kwa shanga ondoa DTT, inaiharibu nikeli.

PCR ya maktaba si PCR ya jeni moja. Mizunguko ikizidi, praima zinaisha na nyuzi za maktaba zinaanza kushikana kwenye sehemu za kudumu na kurefushana, unaona ngazi ya bidhaa ndefu juu ya mstari wa 80. Hizo ndefu hushika RT kwa urefu wao na zinapanda raundi kwa raundi. Toa sampuli kwenye mzunguko wa 6, 8, 10, 12 na 14, ziendeshe kwenye jeli ya akrilamidi 8%, simama pale mstari unapoonekana wazi na juu yake pasafi.

Kutenganisha nyuzi: kama unatumia biotini na streptavidini, NaOH 0.1 M kwa dakika 3 na uizimue kwa HCl mara moja. Ukiongeza moto au muda, uzi wenye biotini nao unatoka, unashikana na mwenzake, na raundi inayofuata unachagua DNA ya nyuzi mbili bila kujua. Angalia kwenye jeli ya yurea. Eksonukleasi ya lamda ni njia mbadala nzuri, fosfati ikiwa kwenye ncha ya 5' ya uzi usiotakiwa.

Na A usiiache na nukleotidi zote 80. Kata ncha ya 5', kata ncha ya 3', kata zote mbili, pima. Mara nyingi sehemu za kudumu zimeingia kwenye shina, na ukikata bila kupima unaondoa nusu ya aptama.

Jambo la mwisho: andika RT yako ni ya aina gani ya virusi. Kwa yale mafundo bandia ya RNA, asidi amino moja tu kwenye nafasi ya 277 inaamua: ikiwa arginini mzuio ni mkali, ikiwa lisini aptama inakataliwa. RT mbili zenye lebo ileile ya VVU-1 zinaweza kutoa majibu yanayopingana, wala hakuna aliyekosea kupima.

---

seli_na_seramu

Nimechukua swali la nne. Hapana mkuu, huruhusiwi kuandika hivyo kwa data hii.

DNA tupu yenye chaji hasi haivuki utando wa seli kwa kiasi cha maana. Hata inayomezwa inabaki kwenye vifuko, na RT iko ndani ya virusi na kwenye saitoplazimu. Oligo tupu ya 1 µM ikipunguza maambukizi kwa 90%, mshukiwa wa kwanza yuko nje ya seli. Na jambo hili limeshatokea mbele ya macho ya watu wote. T30177, iliyoitwa pia Zintevir, ni oligo ya nukleotidi 17 yenye G na T inayojikunja kwadrupleksi. Kwenye tyubu iliizuia integrasi vizuri sana, na ikafika majaribio ya binadamu kwa jina la kizuizi cha integrasi. Virusi vilipokuzwa mbele yake hadi vikawa sugu, mabadiliko yalionekana kwenye gp120, protini ya juu ya virusi, wala si kwenye integrasi. Ilikuwa inazuia virusi kujishikiza kwenye seli. B yako ina umbo la familia hiyohiyo.

Majaribio mawili yanatosha kukata shauri. La kwanza, muda wa kuongeza: ambukiza seli zote kwa pamoja, kisha ongeza B kwenye dakika 0, na baada ya saa 1, 2, 4, 6, 8 na 12. Sambamba nayo weka dekstrani salfeti kwa hatua ya kujishikiza, nevirapini kwa RT na raltegraviri kwa integrasi. Inayozuia kuingia inakosa nguvu ikichelewa kidogo tu. Nevirapini inavumilia kuchelewa saa kadhaa, raltegraviri zaidi ya hapo. Angalia mkunjo wa B unaandamana na wa nani. La pili, virusi bandia vya mzunguko mmoja: kundi moja livae protini ya VVU, jingine livae VSV-G, protini ya juu ya virusi vingine. RT iliyo ndani ni ileile. B ikizuia la kwanza na kushindwa la pili, kesi imekwisha.

A ambayo haikufanya kitu haijashindwa, haijafika tu. Ukiipeleka kwa lipidi, kumbuka seli zina walinzi wa DNA kwenye saitoplazimu. Wakiamka, intaferoni inatoka na virusi vinapungua bila RT kuguswa. Kwa hiyo oligo ya ulinganisho iwe na urefu uleule na idadi ileile ya CG zinazofuatana, ipelekwe kwa lipidi ileile, na upime mRNA ya intaferoni beta pamoja na uhai wa seli. Bila hivyo usiamini punguzo lolote. Njia nyingine ni aptama ya RNA inayotengenezwa na seli yenyewe, kama walivyofanya Joshi na Prasad mwaka 2002: waliizungushia ribozaimu zinazojikata ili mikia isiyotakiwa isiharibu mkunjo. Hiyo haiwezekani kwa DNA yako, itabidi uchague upya ukitumia RNA.

Seramu nayo. Seramu ya 10%, hata iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30, bado ina nukleasi. Weka A kwenye maji ya kuoteshea, nyuzi 37, toa sampuli dakika 0, 15, kisha saa 1, 4 na 24, weka yurea na EDTA papo hapo, endesha jeli. dT iliyogeuzwa kwenye ncha ya 3' inasaidia sana kwa bei ndogo ya umbo. 2'-O-methili inalinda zaidi lakini inabadilisha mkao wa sukari kuelekea ule wa RNA, kwa hiyo weka nafasi mbili tatu kwa wakati mmoja na upime Kd kila mara. Ukibadilisha zote kwa mpigo na aptama ikafa, hutajua ni ipi iliyoua.

---

nyuzi_moja

Asanteni sana wakuu. Narudi na majibu.

A yenye dT iliyogeuzwa, shina limebaki, nukleotidi 46. IC50 dhidi ya RT: mteremko 0.31, mstari unakata kwenye 0.8 nM. Kusubiri dakika 60, mwitikio dakika 10, kiolezo ni mara mbili ya Km (ukolezi unaotoa nusu ya kasi ya juu). Oligo iliyovurugwa imepanda hadi zaidi ya 2 µM kwenye KCl 120 mM. Iliyovunjwa shina inafanana na iliyovurugwa, iliyorejeshwa imerudi. MMLV haiguswi.

B: kwenye chujio bila RT inabaki 18%. Na kwa VSV-G haizuii kabisa.

Je, niigawe 0.8 kwa 3 kwa kuwa kiolezo kinashindana, niandike Kd 0.27 nM?

---

Bi_Mizani

Usiigawe. Ule ugawaji unadai kwamba aptama na kiolezo vimefikia mizani pamoja. Wewe umeifungia RT na aptama kwa saa nzima, kisha ukaipa kiolezo dakika 10 tu. Aptama inayoachia polepole haijapata muda wa kushindana na mtu, kwa hiyo 0.8 iko karibu zaidi na mshiko wenyewe kuliko unavyofikiri. Pima kasi ya kuachia moja kwa moja: RT 20 nM na A 25 nM kwa saa moja, punguza mara 100 kwenye mchanganyiko wa mwitikio wenye praima na kiolezo tele, kisha fuatilia bidhaa kila dakika 5. RT inarudi kazini kadiri inavyoachiwa. Ukishapata namba hiyo ndipo uandike Kd.

Mteremko wa 0.31 una maana takriban 62% ya RT ndiyo hai, kama A260 uliisoma kwenye moto. Ihakiki kwa praima na kiolezo chenye ukolezi unaojulikana, upime mlipuko wa kwanza wa nukleotidi moja. Ukipata 60 hivi, rekebisha ukolezi wa RT kwenye grafu zote.

---

seli_na_seramu

Na B itoe kwenye makala ya RT. Kizuizi cha kuingia chenye nukleotidi 24 kina thamani yake, ila kipimwe kwa gp120 na kwa aina kadhaa za virusi, za CCR5 na za CXCR4 (vipokezi viwili ambavyo VVU hutumia kuingia kwenye seli), maana kwadrupleksi hizi hazizitendei aina hizo mbili kwa usawa.